Ufa Nyuma ya Picha ya Arusi

Mpendwa Mama Yasmina, naomba msaada wako, na nakuomba unijibu kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi baada ya umuganda, ile kazi ya jamii ya mwisho wa mwezi, fundi anakuja nyumbani kwangu, na fundi huyo sikumwita mimi, wamemwita wapangaji wangu, na akishabandua plasta ya ukuta wa chumba cha kulala ataona kitu ambacho nimekificha miaka minne, na mimi ni mama wa miaka hamsini na tisa, naimba kwaya, majirani wakigombana wanakuja kwangu niwapatanishe.

Nianzie mwanzo, usinichoke. Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, wazazi wangu wakiwa wakimbizi, tukarudi Rwanda na marehemu mume wangu Kalisa, akapata kazi hapa Gisenyi, tukanunua kiwanja, akajenga nyumba ya vyumba vitatu juu ya msingi wa yale mawe meusi ya volkano, mengine akiyabeba begani mwenyewe kila jioni akitoka kazini. Alipofariki nilibaki na nyumba hiyo na binti mmoja, Akaliza, nikafanya kama wanavyofanya wajane wengi hapa mjini, nikahamia vyumba viwili vya nyuma uani, aneksi, nikaipangisha nyumba kubwa, na kodi yake ndiyo iliyomsomesha Akaliza. Mimi na wapangaji wangu tuna geti moja na kamba moja ya kuanikia nguo, mlango wao ukifungwa nausikia.

Basi mwaka ule wa 2021 mlima ulipolipuka na ardhi ikatetemeka siku nyingi mfululizo, nikakimbilia kwa dada yangu kule Nyakiriba, na niliporudi nikakuta ufa kwenye chumba kikubwa cha kulala, umetoka pembe ya dirisha mpaka sakafuni, kidole changu kikaingia. Nikamwita fundi Cedric. Akaugonga ukuta huku na huku, akaniambia nisipake kitu, ukuta ufunguliwe mpaka kwenye msingi, ufungwe kwa nondo na zege, ndipo ujengwe upya, na kazi hiyo ni ya mwezi mzima nyumba ikiwa tupu. Mwezi mzima, Mama Yasmina, na Akaliza yuko mwaka wa mwisho wa chuo. Nikamwambia azibe kwa simenti apake rangi. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akaziba, na alipokuwa anaosha mwiko wake akaniambia, "Mama, mi nimeziba. Sikutengeneza." Rangi niliichagua mwenyewe, nyeupe ya maziwa, na ilipokauka hata mimi nilikuwa sioni kitu.

Tangu siku hiyo nikaweka sharti moja kwa kila anayekuja kuangalia nyumba, kwamba kwangu hakuna kupiga msumari ukutani, na watu wakasema huyu mama anaipenda nyumba yake, marehemu aliijenga kwa mikono yake, nikawaacha waseme hivyo, na siku nyingine mwenyewe nilikuwa naamini. Wa kwanza kupanga baada ya hapo alikuwa bwana mmoja wa shirika, alikaa miaka miwili na nusu peke yake na hata kalenda hakuwa nayo. Mwaka jana ndipo wakaja hawa watoto.

Nasema watoto kwa sababu ndivyo walivyo kwangu. Tuyisenge familia yao walirudi kutoka Congo, anafanya kazi ofisini kule mpakani, na mkewe Belise anauza vitenge sokoni, wana mtoto wa miezi saba, Nziza, anayenijua kuliko bibi zake wa damu. Belise akipika sombe, yaani kisamvu, sahani yangu lazima ivuke ua. Nikiugua Tuyisenge ndiye anayenitafutia pikipiki ya kunipeleka kituo cha afya. Wapangaji wa namna hiyo hawaokotwi njiani.

Sasa mwezi uliopita, Jumapili moja baada ya misa, nawaona wanakuja kwangu wamevaa nguo za kanisani, na mbele yao mzee Onésphore, jirani yetu wa geti la tatu, na Tuyisenge amebeba kiroba cha viazi walivyotumiwa na wazazi wake kutoka Bugeshi, na Belise kreti ya Fanta. Nikajua wamekuja kuniambia Nziza anapata mdogo wake. Mzee Onésphore akaanzia mbali kama ilivyo desturi ya anayetumwa kuwasemea watu, akaisifu nyumba, akamsifu marehemu, akasema vijana wana kosa na wameona aibu kuja peke yao. Ndipo Tuyisenge akasimama.

"Mama, ni mi niliharibu nyumba yako," akasema. "Ulikataza misumari, nikapiga moja, ya kutundika picha ya mariage. Sasa ukuta umepasuka, na mutoto iko analala pale."

Belise akalia. Akaeleza kwamba ufa ulianza kuonekana mvua zilipoanza, na kila wiki unashuka, na wameufunika kwa ile ile picha ya arusi wakiogopa nikiingia nitauona niwafukuze, na mumewe hali chakula vizuri kwa kuwaza kwamba msumari wake mmoja umebomoa jasho la marehemu. Wakasema watatengeneza wenyewe, fundi wameshampata, anakuja Jumamosi ya umuganda.

Mama Yasmina, pale ndipo mahali pa kusema. Mdomo ulikuwa wangu, na hakuna aliyenifunga. Nikasema, "Haya, wanangu, nimewasamehe." Mzee Onésphore akapiga makofi, tukafungua Fanta. Na viazi nimevila, nilivila wiki nzima, vilikuwa vizuri sana, na kila nikimenya nilikuwa naona uso wa yule kijana.

Kesho yake Belise alininyanyulia ile picha nikaona. Ni ufa wangu ule ule, naujua kama ninavyojua kovu la goti langu, umekuwa mpana kuliko nilivyouacha, na kitanda cha Nziza kiko chini yake kwa sababu pembe ile haina upepo. Nilitoka nikaenda kukaa chooni, nilikosa mahali pengine.

Nikiwaambia, watahama, na mzee Onésphore atajua, na yeye akijua geti la kwanza mpaka la kumi watajua. Nimewaza kumsubiri huyo fundi barabarani nimwombe asiseme atakachokiona. Nimewaza pia kuwaambia wasigharamie, nitatengeneza mwenyewe kwa huruma yangu tu, wabaki wananishukuru na mtoto awe salama, na hili naliona ndilo bora, lakini kila nikijaribu kulisema mbele ya kioo sauti haitoki. Nifanyeje? Sitaki kuwapoteza watoto hawa.

Mimi Mama Akaliza, Gisenyi


JIBU LA MAMA YASMINA

Mama Akaliza, kabla sijakugombeza, inuka. Weka simu mezani, nenda nyumba kubwa, piga hodi, umsaidie Belise kuhamisha kitanda cha Nziza kipelekwe chumba kingine, na wazazi wake nao watoke chumba kile leo hii. Akikuuliza kwa nini, mwambie huuamini ukuta ule. Hilo angalau ni kweli. Halafu urudi usome.

Umerudi? Bon, sasa tugombane.

Kuziba ufa ule 2021 naweza kukuelewa. Nilikuwepo, najua hofu ya siku zile, najua na ada ya chuo. Mjane mwenye nyumba moja na mtoto mmoja chuoni hana mahesabu mengi ya kufanya. Ulikosea, lakini ulikosea kama tunavyokosea wengi wetu wenye nyumba mji huu, na ukizibandua rangi zote za Gisenyi utakuta una wenzako. Kosa linaloniuma ni la Jumapili ile. Kijana amekuja na nguo za kanisani, na mzee, na viazi vya mama yake, anakuomba radhi kwa dhambi yako wewe, na wewe unamsamehe! Ukampa msamaha wa kitu ambacho hakukifanya, ukanywa na Fanta yake. Dada yangu, hapo nilivua miwani nikaifuta.

Na ule mpango wako wa huruma, tafadhali uuache. Ungewadhulumu mara ya pili. Kwanza wamebeba kosa lako, halafu wabebe na shukrani kwako juu yake, na Tuyisenge aishi miaka yote akijua kwamba yeye ndiye aliyepasua nyumba ya marehemu na mama mwema akamfichia. Sauti yako haitoki mbele ya kioo kwa sababu bado una aibu, na aibu hiyo ndiyo inayonipa matumaini na wewe. Yule fundi wa barabarani sitamzungumzia kabisa.

Nikwambie la kwangu. Mimi pia ni mwenye nyumba, nina vyumba sita alivyoniachia mama. Mwaka mmoja nilimpangisha msichana anaitwa Immy chumba ambacho choo chake cha shimo kilikuwa kinakaribia kujaa, nikamwambia kimechimbwa juzi. Wiki ya tatu alishajua, unaweza kufikiri alijuaje. Nikachimbisha kingine upesi, nikadhani yamekwisha. Lakini tangu siku hiyo, nikimwambia maji yatakatika kesho, anakwenda kuuliza kwa jirani. Nikimwambia umeme umerudi, anatoka nje kuangalia taa za wenzake. Mwisho akahama, na choo kipya kabisa akakiacha. Nilijifunza kwamba mpangaji anaweza kuvumilia nyumba mbovu kwa muda, ila mwenye nyumba asiyeaminika hamvumilii.

Kwa hiyo utasema, na utasema kabla ya Jumamosi, na utakwenda wewe. Usitume mtu. Nenda wakiwa wote wawili nyumbani, mtoto ameshiba, usianzie mbali, usianze na marehemu wala na mlima. Sema ufa ulikuwepo, ulijua, ulificha, ulikubali radhi isiyokuwa yako. Ukishasema, funga mdomo. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanaeleza sababu mpaka anayeombwa radhi anaanza kuwabembeleza wao. Belise akikasirika mwache akasirike. Ana haki, mtoto wake alilala pale.

Kisha mzee Onésphore. Najua ndiye unayemwogopa kuliko wote. Lakini hawa watoto waliaibika mbele yake, na jina lao halitasafishwa nyuma ya mgongo wake. Mwite akae kiti kile kile alichokalia Jumapili ile, na wewe ndiye ununue Fanta. Viazi ulivyokula siwezi kuvitoa tumboni mwako, ila sokoni vipo, na kiroba hakikushindi.

Tuje kwenye ukuta. Chukua penseli, chora mstari mfupi pale ufa unapoishia juu na pale unapoishia chini, andika tarehe pembeni. Ufa ukivuka mstari, ujue ukuta bado unatembea. Mpigie Cedric. Alikwambia ukweli wakati hutaki kuusikia, na mwenye nyumba akishampata fundi wa namna hiyo hamwachi. Huyo fundi wao aje pia, wapangaji wako wamsikie na wa kwao, na kama walishampa malipo ya awali, warudishie wewe. Lakini kabla ya nyundo kugusa kitu, nenda ofisi ya sekta, uliza afisa anayeshughulikia mambo ya majengo, umwombe aje aangalie, maana ufa wa tetemeko hausomwi kwa macho ya fundi peke yake. Akisema nyumba yote itoke watu, watoke siku hiyo hiyo, pamoja na masufuria.

Utaniuliza, watakwenda wapi? Watakaa kwako. Wao aneksi, na wewe kwa dada yako Nyakiriba mwezi huo mmoja. Ulikwenda siku mlima ulipokukimbiza, nenda tena na begi lako mwenyewe. Kodi ya mwezi huo usiipokee hata wakikushikisha, na Akaliza sasa amemaliza chuo, mwambie achangie nondo. Nyumba ilimsomesha, naye aihudumie kidogo.

Nyumba ikishasimama, na nina imani itasimama kwa sababu Kalisa aliweka mawe ya kweli chini, ndipo uanze kupangisha kama mtu mzima. Mpaka leo mlikubaliana kwa mdomo tu, getini, umebeba na ndoo ya maji, sivyo? Wengi tunafanya hivyo, tunaona karatasi ni kumtukana mtu. Safari hii chukua karatasi, mpite chumba kwa chumba wewe na wao, mwandike kila kitu kama kilivyo: mlango unaokwama, bomba linalodondoka, kioo chenye alama, na kila mahali ukuta uliwahi kupasuka. Simu mnazo, pigeni picha. Mwandike nani anatengeneza nini, na ukuta, paa na msingi ni vyako daima, hata mpangaji awe mkorofi namna gani. Mtie sahihi nakala mbili, moja ikae kwao. Karatasi hiyo ingekuwepo mwaka jana, Tuyisenge asingekonda kwa ajili ya msumari. Na kila mwezi kodi ikiingia, toa fungu la nyumba kabla hujatoa la sukari, siku ukuta ukidai mwezi wake wa matengenezo, usikukute mikono mitupu.

Jambo moja zaidi, na hili nawaambia wenye nyumba wote wanaosoma. Kila sharti unalompa mpangaji, mpe na sababu yake. Usifuge mbwa, kwa sababu jirani ana mtoto aliyeng'atwa. Geti lifungwe saa tatu, kwa sababu tuliibiwa. Sharti ambalo huwezi kulitolea sababu mbele ya watu, kaa chini ujiulize unaficha nini nyuma yake. Wewe ulikataza misumari miaka minne, na msumari haukuwa na hatia yoyote.

Unauliza kama watahama. Huenda. Siwezi kukuahidi kitu. Ila watu waliokuletea mzee na viazi kwa ajili ya shimo la msumari ni watu wanaojua thamani ya kuomba radhi, na mimi ningekuwa wewe ningejaribu bahati yangu kwao kuliko kwa mtu mwingine yeyote mji huu. Na ukuta mpya ukishakauka vizuri, chukua nyundo, chagua mahali pazuri, upige msumari wewe mwenyewe. Tuyisenge akushikie picha.

Jibu hili nakutumia kwa simu leo Jumanne, kwa sababu gazeti lingekuchelewesha. Gazetini haliingii mpaka utakaponiambia mwenyewe kwamba umesema. Ukinyamaza, litabaki kwenye simu yangu, na mimi nitaendelea kuwajibu wenye matatizo ya mawifi.


Wasomaji wangu, kwa kuwa mnayasoma haya, mmeshajua kwamba alisema. Alinipigia Jumapili. Kitanda cha Nziza alikihamisha Jumanne ile ile. Alikwenda kusema Jumatano mchana, wakiwa wanamalizia kutoa vitu chumba kile, hakuweza hata kukaa, alisemea mlangoni. Belise alimchukua mtoto akatoka naye uani, na siku mbili sahani haikuvuka ua. Jumamosi mafundi walikuja wote wawili, na bwana wa sekta alikuwa amepita Ijumaa: ukuta ule mmoja ufunguliwe, uliobaki ni mzima. Mzee Onésphore alisikiliza mpaka mwisho, akaomba Fanta ya pili, na kama amesema nje ya geti, bado neno halijamrudia Mama Akaliza. Mama Akaliza ananiandikia haya kutoka Nyakiriba, viatu vyake vya kwaya ameviacha aneksi chini ya kitanda cha Nziza, na asubuhi ile anaondoka Belise alimfungia sombe kwenye kopo aende nayo. Kama watahama au watabaki hajauliza, nami nimemwambia asiulize bado.

Majina nimeyabadilisha, japokuwa alisema niyaache. Lakini kuna jambo moja alitaka liandikwe kama lilivyosemwa. Jumatano ile, Belise alipotoka, Tuyisenge alibaki amekaa ukingoni mwa kitanda anautazama ukuta. Kisha akamgeukia mama.

"Donc haikuwa musumari yangu?"

"Haikuwa, mwanangu," akamjibu. Kijana akajifunika uso kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akamwambia mama apite ndani akae.